Upepo Unaotangulia Mvua: Mwongozo kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Katika elimu ya hali ya hewa, ukingo wa hewa baridi ni mstari ambapo hewa baridi inayosonga mbele hukutana na hewa ya joto, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito zaidi, hupita chini ya ile ya joto na kuisukuma juu kwa ghafla, jambo linalozaa mawingu, mvua na upepo wa kubadilika-badilika. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama Afrika Kusini, Uingereza na Marekani, ukingo wa namna hii huweza kuenea kwa zaidi ya kilomita 1,000, nao hutabiriwa siku kadhaa kabla haujafika. Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu iliyo karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwenye nyanda zenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haifikiwi na ukingo huo ukiwa na nguvu zake kamili. Mkazi wa miji hii ana mambo mawili tofauti ya kuyaelewa, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya wengi wajiandae kwa upepo usiowadhuru na kusahau ule unaowang'olea mapaa.

Jambo la kwanza ni baridi ya katikati ya mwaka. Kati ya Juni na Agosti kingo za hewa baridi hupita kusini mwa Afrika zikielekea mashariki, na nyuma yake hufuata maeneo ya kanieneo kubwa, yaani sehemu ambazo uzito wa hewa iliyo juu ya ardhi au bahari ni mkubwa kuliko kandokando. Maeneo hayo yanapoungana na lile la kudumu lililo kwenye Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Mascarene, ambavyo ni Mauritius, Réunion na Rodrigues, husukuma hewa ya ubaridi kupitia Mlango wa Msumbiji hadi Afrika Mashariki. Upepo huo ndio kusi ya mabaharia wa pwani. Sehemu yake iliyo juu kidogo ya ardhi hukusanyika kuwa mkondo wenye kasi ambao mwanasayansi J. Findlater aliueleza mwaka 1969, na mkondo huo huitikisa zaidi pwani, mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, pepo zinazopenya kati ya milima ni za kutegemewa kiasi kwamba imejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Huku Thika na Ruiru msimu huo huleta wingu zito lisiloondoka hadi saa sita mchana, manyunyu na baridi ya asubuhi, lakini ni nadra kuleta upepo wa kubomoa.

Jambo la pili ndilo lenye madhara. Wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, jua la asubuhi huipasha ardhi moto, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia alasiri huwa yamejengeka mawingu ya radi yanayopita kimo cha kilomita 10. Ndani ya wingu la namna hii matone ya mvua na punje za barafu huanguka kupitia hewa kavu zaidi iliyo chini yake. Sehemu ya maji hugeuka mvuke, na kwa kufanya hivyo huinyang'anya hewa joto lake. Hewa iliyopoa huwa nzito, huporomoka kuelekea ardhini, na ikishagonga ardhi haina pa kwenda ila pembeni, kwa hiyo husambaa pande zote kwa kasi mithili ya ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Ukingo wa mbele wa hewa hiyo ni ukingo wa hewa baridi mdogo, uliozaliwa papo hapo na wingu lenyewe, na ndio unaofika mtaani kabla ya tone la kwanza la mvua, ukiwa umebeba vumbi, karatasi na mifuko.

Nguvu ya mporomoko huo haikueleweka vizuri hadi miaka ya 1970. Mnamo tarehe 24 Juni 1975 ndege ya abiria ya Eastern Air Lines ilianguka ilipokuwa ikijaribu kutua katika uwanja wa John F. Kennedy jijini New York wakati wa mvua ya radi, na zaidi ya watu 110 wakafa. Tetsuya Theodore Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyechunguza ajali hiyo, alionyesha kwamba hewa iliyoporomoka kutoka wingu moja ingeweza kuathiri eneo dogo la kilomita chache tu, huku majirani wa eneo hilo wakihisi upepo wa kawaida. Matokeo hayo yanaeleza jambo ambalo wakazi wa Ruiru huliona na kulishangaa: paa la ploti moja huko Kimbo laweza kupeperushwa ilhali nguo zilizoanikwa Membley hazikudondoka kwenye kamba. Kutotokea kwa madhara kwa jirani mwaka jana, au hata jana, hakumhakikishii mtu chochote.

Dalili na maonyo

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake makuu Dagoretti Corner jijini Nairobi, hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kadhaa, wa mwezi na wa msimu, na hutangaza onyo la pekee pale inapotarajia upepo wa kasi ya zaidi ya noti 25. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852, hivyo noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Maonyo hayo kwa kawaida huhusu upepo wa eneo pana unaovuma kwa saa nyingi, kama ule wa kusi, na mara nyingi hutaja kaunti za pwani na za kaskazini kuliko Kiambu. Mporomoko wa hewa kutoka wingu moja hauwezi kutabiriwa siku moja kabla kwa kutajwa mtaa na saa. Kwa sababu hiyo, msomaji wa utabiri anapokuta maneno ya kawaida kabisa yanayosema kwamba kutakuwa na mvua na ngurumo za radi mchana, anapaswa kuyasoma kana kwamba upepo umetajwa pia, kwa maana pasipo hewa inayoporomoka hakuna mvua ya radi.

Muda wa onyo la macho na ngozi ni mfupi. Ukingo wa hewa baridi huweza kulitangulia wingu kwa kilomita 10, na ukisafiri kwa kilomita 40 kwa saa hufika katika dakika 15. Ukitoka karibu zaidi, dakika hizo hupungua hadi tatu au nne. Alama zake ni joto zito la mchana lililoambatana na utulivu, wingu lenye tako jeusi na kichwa kilichotandazika, mara nyingine utepe wa wingu la chini unaojiviringisha mbele ya mvua, ukuta wa vumbi jekundu juu ya mashamba au viwanja vilivyochimbwa, na hatimaye upepo unaogeuka upande ghafla na kuwa wa ubaridi. Joto huweza kushuka kwa digrii tano hadi kumi ndani ya dakika chache. Anayehisi ubaridi huo shingoni alasiri ya Aprili hana muda tena wa kupanda juu ya paa kuongeza misumari. Ana muda wa kuingia ndani tu, na hilo ndilo linalofanya kazi ya miezi ya ukavu iwe muhimu kuliko ujasiri wa dakika ya mwisho.

Ili kukadiria kasi bila chombo, waangalizi wa hali ya hewa hutumia kipimo kilichoanzishwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambacho hupima upepo kwa kutazama matokeo yake. Katika daraja la sita, ambamo noti 25 zinaangukia, matawi makubwa huyumba na mwavuli hushikika kwa taabu. Katika daraja la nane, kuanzia kilomita 62 kwa saa, vijiti huvunjika mitini na kutembea dhidi ya upepo huwa kazi. Daraja la tisa huanza kung'oa vipande vya paa, na la kumi, linaloanzia karibu kilomita 89 kwa saa, hung'oa miti. Jambo la kuzingatia ni kwamba msukumo wa upepo hauongezeki sawasawa na kasi yake bali kwa mraba wake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Paa na minyororo yake

Miji hii miwili imebadilika kwa haraka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee, na ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa, pamoja na ile ilikojengwa Tatu City, imegeuka mitaa, viwanja vitupu na majengo yanayoendelea kupanda. Shamba lenye safu za migrevilia huupunguza upepo wa karibu na ardhi, lakini uwanja uliosawazishwa kwa tingatinga hauupunguzi, na nafasi nyembamba kati ya ghorofa mbili ndefu huubana na kuuongezea kasi. Nyumba ya mabati iliyosimama mahali pamoja kwa miaka 20 bila kudhurika huweza basi kujikuta kwenye njia mpya ya upepo kwa sababu ya ujenzi wa jirani.

Upepo haulisukumi paa kutoka upande mmoja tu. Unapopita juu ya paa hulinyonya kuelekea juu, na ukipata mlango au dirisha lililo wazi upande unaotoka, huingia na kulisukuma kutoka chini, nguvu hizo mbili zikawa zinasaidiana. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wake. Katika mwinuko wa Thika, upepo wa kilomita 90 kwa saa huleta msukumo unaokaribia uzito wa kilo 33 kwa kila mita moja ya mraba, na hata ule wa noti 25 hufikia kilo tisa hivi. Bati jembamba la geji 30 lina uzito wa kilo mbili hadi tatu tu kwa eneo hilo hilo. Paa la nyumba ndogo ya mita 50 za mraba laweza kwa hiyo kuvutwa juu kwa nguvu ya zaidi ya tani moja na nusu, na kinacholishikilia si uzito wake bali viungo vyake.

Viungo hivyo ni mnyororo: bati hushikwa na misumari kwenye mbao zinazolibeba, mbao hizo hushikwa na fremu ya paa, fremu hushikwa na ubao unaolala juu ya ukuta, na ubao huo hushikwa na ukuta wenyewe. Mnyororo hukatikia penye udhaifu, na katika nyumba nyingi za kupangisha udhaifu uko mwishoni, mahali ambapo ubao wa juu ya ukuta umewekwa kwenye saruji bila kufungwa. Ndiyo maana baada ya dhoruba paa huonekana limelala kwenye uwanja wa jirani likiwa zima, mbao na mabati pamoja. Dawa yake ni ukanda wa chuma au waya mnene unaozamishwa katika ukuta wa mawe ya Ndarugo angalau safu ya tatu kutoka juu, ukapitishwa juu ya ubao na kupigiliwa kwenye fremu, na kazi hiyo ikarudiwa kila mahali ambapo fremu inakaa ukutani. Gharama ya chuma hicho ni ndogo ikilinganishwa na bei ya bati lolote la paa hilo, na mwenye nyumba anayejenga sasa hana udhuru wa kukiacha. Mwenye nyumba ya zamani anaweza kumwita fundi aunganishe fremu na ukuta kwa mabano ya chuma na bolti kutoka ndani, bila kuezua.

Mabati yenyewe huhitaji misumari ya kuezekea yenye kofia pana na kizibo cha mpira, au skrubu, ambazo hushika vizuri zaidi kwa kuwa hazichomoki kirahisi kutoka kwenye mbao. Mnyonyo wa upepo huwa mkali zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa kuliko katikati, hivyo misumari ya sehemu hizo inapaswa kukaribiana zaidi. Mafundi wengi hufanya kinyume bila kukusudia, wakipigilia kwa nafasi zile zile paa zima au wakipunguza misumari ya ukingoni kwa kuwa kuna taabu ya kufikia. Michirizi iliyochomoza mbali na ukuta, hasa ile iliyoongezwa ili kufunika baraza, huukusanya upepo kutoka chini, na ikizidi nusu mita bila nguzo yafaa ifungwe kwa mihimili. Mbao zilizoliwa na mchwa hazishiki msumari wowote, wala kuongeza misumari kwenye ubao uliooza si matengenezo.

Desturi ya kuweka mawe, tairi na vipande vya chuma juu ya paa, iliyoenea Kiandutu mjini Thika na katika mitaa mingine ya nyumba za mabati, inastahili kuachwa. Jiwe la kilo 10 haliwezi kuzuia mvuto wa kilo 33 kwa mita ya mraba. Likisha kuinuliwa pamoja na bati huanguka juu ya mtu. Kwa nyumba ambayo kuta zake pia ni mabati, kamba imara au waya uliopitishwa juu ya paa na kufungwa kwenye vigingi virefu vilivyozamishwa ardhini una manufaa zaidi, ingawa ni lazima isemwe wazi kwamba nyumba ya aina hiyo si mahali pa kukaa wakati wa upepo mkali, na familia inapaswa kuwa imekubaliana mapema ni jengo gani la mawe lililo karibu, liwe shule, kanisa, msikiti au nyumba ya jirani, ambalo itakimbilia.

Vitu vinavyoanguka

Si paa pekee linalojeruhi. Tangi la maji lililo tupu juu ya ghorofa ni jepesi na pana, na hupeperushwa kirahisi kuliko lililojaa, kwa hiyo lifungwe kwenye fremu yake hata kama kuna maji ya kutosha kwa kawaida. Paneli za sola hubeba upepo kama paa dogo na zinahitaji bolti, si waya. Vyungu vya maua na vyombo kwenye roshani za ghorofa ya nne ni hatari kwa wanaopita chini, na msimamizi wa ploti ana haki ya kuwataka wapangaji waviondoe. Katika majengo yanayoendelea kujengwa, jukwaa la ujenzi lililozungushiwa wavu hupokea upepo zaidi kuliko lisilo na wavu. Mkandarasi anapaswa kuhakikisha kwamba limefungwa ukutani kila baada ya kimo fulani, na kwamba mabati, mbao na mifuko mitupu haikuachwa sakafu ya juu jioni.

Kuta za kuzunguka viwanja zahitaji uangalifu wa pekee. Ukuta mrefu wa mawe uliojengwa bila nguzo za zege kila baada ya mita tatu hivi, na msingi wake ukawa umelowa kwa mvua za wiki kadhaa, huweza kuangushwa na upepo ambao usingevunja hata tawi. Watoto hupenda kujikinga kwenye kivuli cha ukuta kama huo, na ni wajibu wa wazazi na walimu kuwaonya.

Miti nayo ina hesabu yake. Mkaratusi na mgrevilia hukua haraka na kuwa mirefu kuliko nyumba, na kipimo rahisi cha hatari ni urefu: mti ulio mita 15 kwenda juu unatishia kila kitu kilicho ndani ya mita 15. Dalili za mti unaokaribia kuanguka ni uyoga au uozo kwenye shina karibu na ardhi, nyufa mpya kwenye udongo upande mmoja, mwelekeo mpya wa kuinama, na mizizi iliyokatwa wakati wa kuchimba mtaro wa maji taka, barabara au msingi. Udongo uliolowa hauishiki mizizi kama udongo mkavu, na kwa hiyo mti uliostahimili upepo mkali wa Machi unaweza kuanguka kwa upepo wa wastani mwishoni mwa Aprili. Kuupunguza mti matawi ni bora kuliko kuukata wote, lakini kuukata kichwa kabisa ni kosa, kwa sababu machipukizi yanayofuata huwa dhaifu penye kiungo na huvunjika baada ya miaka michache. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara haukatwi bila idhini ya ofisi ya kaunti, na ulio karibu na nyaya za umeme haukatwi na mtu yeyote ila mafundi wa Kenya Power.

Hema la ibada, lile la turubai na nguzo za chuma ambalo makanisa mengi yanayoanza hulisimamisha kwenye viwanja vya Ruiru na Juja, ni kati ya majengo hatari zaidi katika eneo hili, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Hubeba mamia ya watu, pande zake huachwa wazi, na mara nyingi limefungwa kwa vigingi vifupi katika udongo mwekundu unaolainika kwa mvua. Viongozi wa ibada wanaotumia hema wanapaswa kuwa na mtu mmoja wa kutazama anga tu wakati wa mikutano ya alasiri, kuwa na jengo imara walilolichagua mapema, na kuwaondoa waumini mara wingu linapoanza kunguruma, bila kungoja sala iishe. Hayo yanafaa pia kwa wenye mahema ya harusi na matanga.

Upepo ukishafika

Aliye nyumbani anapaswa kufunga milango na madirisha yote, kwa maana wazo kwamba kuacha dirisha wazi hupunguza shinikizo ni potofu na hulifanya paa liinuliwe upesi zaidi. Baada ya hapo akae chumba cha ndani, mbali na vioo na mbali na ukuta wa nje. Katika ghorofa, ukumbi wa ndani au ngazi zilizofunikwa hufaa, ilhali roshani haifai hata kwa kunasa picha. Jiko la makaa, mshumaa na taa ya mafuta vizimwe, kwa kuwa upepo unaoingia kupitia upenyo wa bati huweza kuuangusha moto na kisha kuusambaza toka nyumba hadi nyumba kwa dakika chache, hasa katika mitaa iliyobanana.

Aliye barabarani ana kazi ngumu zaidi. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwezi Novemba 2012, imezungukwa na mabango makubwa ya matangazo, nguzo za taa na miti iliyopandwa baadaye, na watembea kwa miguu hawapaswi kujikinga chini ya chochote kati ya hivyo. Waendeshaji wa bodaboda wamezoea kukusanyika chini ya madaraja mvua inapoanza, nao hukosea kwa sababu mbili: upepo hubanwa chini ya daraja na kuongezeka kasi, na pikipiki zilizoziba njia ya pembeni hugongwa na magari ambayo madereva wake hawaoni kwa vumbi na mvua. Ni heri kuitoa pikipiki barabarani mapema, kwenye kituo cha petroli au kwenye duka la mawe. Dereva wa matatu au lori refu apunguze mwendo kabla ya kuvuka madaraja yaliyo wazi na kabla ya kupita mwisho wa safu ya majengo, kwa kuwa hapo upepo wa ubavuni humjia kwa mara moja, na asiegeshe chini ya mti wala pembeni ya bango.

Radi huenda sambamba na upepo huo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, hivyo anayehesabu sekunde tisa kati ya mwako na ngurumo ajue wingu liko kilomita tatu; ikiwa hesabu ni chini ya sekunde 30, mahali salama ni ndani ya jengo imara au ndani ya gari lililofungwa vioo.

Wakulima wa Gatuanyaga na Ngoliba hawana mengi ya kufanya dakika hiyo. Mananasi hayadhuriki kwa kuwa ni mafupi, lakini migomba iliyobeba mkungu inapaswa kuwa imeegemezwa miti miwili iliyopishana siku nyingi kabla, na nyumba za plastiki za kukuzia mboga na maua zifungwe pande zote na mipasuko yake izibwe, maana tundu la ukubwa wa kiganja hugeuka pasuo la mita kadhaa.

Baada ya dhoruba

Vifo vingine hutokea upepo ukiwa umekwisha tulia. Waya wa umeme ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu umeme waweza kurudishwa wakati wowote. Watu wakae angalau mita 10 mbali nao, na aliyejikuta karibu aondoke kwa kuburura nyayo zote mbili bila kuziinua wala kuzitenganisha, kwa kuwa umeme ulioenea ardhini hupita mwilini kupitia hatua pana. Waya ukiangukia gari, waliomo wabaki ndani mpaka mafundi waukate, isipokuwa gari likishika moto. Hitilafu kama hiyo huripotiwa Kenya Power kwa nambari 97771. Majeruhi huombewa msaada kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa nambari 1199, au kwa polisi kwa 999 au 112.

Kidonda kirefu kilichosababishwa na bati au msumari wenye kutu kioshwe kwa maji safi na sabuni, na aliyejeruhiwa aende siku hiyo hiyo Hospitali ya Thika Level 5, hospitali ya Ruiru au zahanati iliyo karibu, aulizie chanjo ya pepopunda, ugonjwa unaoua na ambao huzuilika kwa sindano. Hakuna anayepaswa kupanda juu ya paa lililolowa usiku ili kuziba tundu. Turubai lifungwe kutoka ndani au vitu vihamishiwe chumba kikavu hadi kutakapopambazuka. Picha zipigwe kabla ya kuanza kusafisha, kwa ajili ya bima au kwa ajili ya mazungumzo na mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye wajibu wa paa, si mpangaji.

Nyumba ikiwa haina umeme na baridi imeingia, watu huwasha jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua walalao bila kuwaamsha, na hatari hiyo ipo Julai kama ilivyo Aprili. Jiko lipoe nje, na jenereta isiendeshwe ndani ya nyumba, kwenye ngazi wala kwenye roshani.

Kazi nyingi zilizotajwa hapa hufanyika katika nyakati mbili za mwaka, Februari na Septemba, ambapo mbao zimekauka, mafundi hawajabanwa na wito wa mapaa yaliyoezuliwa, na hakuna anayelazimika kupanda ngazi chini ya wingu jeusi. Mwenye nyumba au ploti Thika au Ruiru asiyejua kama ubao wa juu ya ukuta wake umefungwa kwa chuma amwite fundi aingie darini auangalie kabla wiki ya kwanza ya Machi haijafika.